Baba hakutaka tuingie Fort Jesus: mchana wetu mmoja Mombasa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza swali. Anapita Mombasa, ana mchana mmoja tu, je aende Fort Jesus au aende kwenye nyumba ndogo za makumbusho zilizoko ndani ya Mji wa Kale. Watu wakamjibu kwa utani, wengine wakamwambia aende zake ufukweni akale mihogo.

Nilianza kumjibu palepale. Nikaandika mstari, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaona nifungue uzi wake, maana jibu langu ni refu na lina baba yangu ndani.

Nitaeleza kama yalivyotokea. Nilichosahau nitasema nimesahau. Majina nimebadilisha. Na wale wa kudai picha mtaniwia radhi, ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kamera tulikuwa tunaziona kwenye harusi za watu.

Wakati huo nilikuwa fundi mitambo kwenye shamba moja la mkonge huko Tanga. Kazi yangu ilikuwa kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Nilikaa kambini, nyumba ya vyumba viwili.

Mke wangu alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, amerudi kwao Korogwe. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyefumaniwa. Tulikuwa tunanyamaziana tu, leo zaidi ya jana, mpaka asubuhi moja akafunga mizigo yake na mimi nikamsindikiza stendi kama mtu anayesindikiza mgeni.

Mliowahi kukaa peke yenu mnajua ninachosema. Unasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Unawasha redio na husikilizi.

Nikienda nyumbani Duga, kule karibu na mpaka, kila mtu alikuwa anajua na hakuna aliyeuliza. Baba naye hakuuliza.

Sasa niwaeleze kidogo huyu baba.

Pale Duga karibu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Baharia. Ujanani alipotea nyumbani miaka kadhaa, na aliporudi alisema alikuwa anafanya kazi melini. Sisi watoto wake tulikua na habari za Bombay na Aden kama watoto wengine walivyokua na habari za sungura. Alikuwa anatueleza bandari moja ambako wauza chai wanapanda melini kwa kamba wakiwa na birika mgongoni, na dada yangu Mwanaidi alikuwa anamwomba hiyohiyo kila jioni.

Ukiacha hizo stori za meli, alikuwa mtu mkimya. Mama alishafariki. Alikuwa na minazi yake, msikiti, na kiti chake mlangoni.

Macho yakaanza kumfunga. Wakasema ni mtoto wa jicho, na kwamba Mombasa kuna hospitali inapasua vizuri. Kwa watu wa Duga Mombasa si mbali, unavuka mpaka tu unateremka Likoni. Mwanaidi alikuwa na watoto na biashara yake, mdogo wetu alikuwa Dar. Nikaomba ruhusa kazini nikampeleka mimi. Sikuwa na mtu wa kumuaga.

Tulifikia gesti moja pale Mwembe Tayari, jirani na mabasi ya bara. Jicho moja likapasuliwa salama. Kesho yake asubuhi daktari akafungua bandeji, akampa miwani myeusi, akanipa mimi dawa ya matone na kunionyesha namna ya kuitia. Akasema tunaweza kuondoka.

Basi letu lilikuwa alfajiri ya siku iliyofuata. Kwa hiyo tukawa na mchana mmoja Mombasa, mimi na mzee wangu, hatuna la kufanya.

Pale gesti mapokezi alikuwepo bwana mmoja wa bara anaitwa Mutua, mcheshi sana. Nikamuuliza, mgeni mwenye mchana mmoja hapa anaenda kuona nini.

"Kama ni mambo ya historia kuna mbili," akasema. "Kuna Fort Jesus, hiyo ndio kubwa, wazungu wote wanaenda huko. Na kuna nyumba ya mama fulani hapo Kibokoni, ameweka vitu vya zamani, watu wanaingia wanaangalia. Lakini hiyo ni nyumba tu."

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, nilidhani anasinzia.

"Hiyo ya Kibokoni," akasema.

Nikamwambia, baba, Fort Jesus tumeisoma tangu darasa la nne, tukirudi watu wakisikia tulikuwa Mombasa na hatukuiona watatucheka.

"Ina ngazi nyingi."

"Umejuaje?"

"Ngome zote zina ngazi."

Mutua akacheka. Mimi nilikasirika kidogo, siwafichi. Nilikuwa nimetumia likizo yangu yote pale, na kitu kimoja nilichokitaka mwenyewe ndicho mzee anakikataa. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Nikasema sawa, twende Kibokoni.

Tulitembea kwa miguu. Nilikuwa nimemshika mkono kwa sababu jicho moja bado lilikuwa na ukungu na lingine ndiyo kwanza limefunguliwa.

Baada ya muda nikagundua kwamba si mimi ninayemwongoza.

Sikuwa naijua njia, nilikuwa nimepanga kuuliza mbele. Yeye alikuwa anakata kona bila kusita. Tulipofika Marikiti, pale penye soko la matunda na mboga, kulikuwa na msongamano wa hamali na mikokoteni yao, magunia ya vitunguu mpaka barabarani. Mtu ambaye jana alikuwa haoni kikombe chake alisogea pembeni kabla hamali hajapiga kelele ya kupisha.

Akasimama kidogo akawatazama wale hamali.

"Unamtafuta mtu?" nikamuuliza.

"Hapana. Hawa watoto wadogo."

Nikajiambia, baharia lazima anaijua Mombasa. Nikaliacha hapo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, mlango wa nakshi, baraza ya mawe nje. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, nimwite Bi Zuhura. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, leso kiunoni, sauti ya taratibu.

"Masalkheri. Karibuni, starehe. Mwatoka wapi?"

"Tanga, mama."

"Watu wa nyumbani hao. Na mzee yuwaumwa jicho? Pole, baba. Pole sana."

Alituonyesha vitu vyake kimoja kimoja. Samadari ya bibi yake, kile kitanda cha kizamani chenye miguu ya kuchongwa. Masinia ya shaba. Vikombe vya kahawa vimepangwa kwenye zile zidaka za ukutani. Kila kitu alikijua kilikuwa cha nani na kilikuja kwa harusi ipi. Pale ndani tulikuwa sisi tu, hakukuwa na mgeni mwingine.

Mimi nikawa namchokoza baba aongee. Nikamwambia Bi Zuhura, huyu mzee alikuwa baharia, amefika Bombay na Aden. Nilitaka azungumze kama alivyokuwa anazungumza nyumbani. Nilikuwa nimekaa naye siku tatu na maneno yetu yalikuwa dawa, chai, na saa ngapi.

Bi Zuhura akafurahi. "Kumbe. Ulikuwa chombo gani, baba?"

Baba akasema hakumbuki.

Alisema hivyo, hakumbuki. Yule aliyekuwa anataja mpaka rangi ya bomba la moshi.

Tukapanda juu. Kulikuwa na dirisha linaloangalia njia ya chini, na ukichungulia upande mmoja unaona kipande cha ukuta wa Fort Jesus, mkubwa, rangi ya udongo. Bi Zuhura akatuonyesha.

"Ile ndiyo Ngomeni. Mimi nazaliwa nimeikuta ni jela, wakati wa Mngereza. Tulikuwa tukiwaona wafungwa wakipita hapa chini asubuhi na mafagio yao, wenda kufagia mabarabara. Mama alikuwa akitwambia, tokeni dirishani, msiwatizame."

"Mlikuwa mkitazama," baba akasema.

Bi Zuhura akamgeukia.

"Mlikuwa mkitazama," akasema tena. "Na wengine mlikuwa mkicheka."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, ile miwani myeusi imeelekea chini njiani.

Wakuu, mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yao na sikuelewa. Bi Zuhura alielewa mara moja.

"Tulikuwa watoto, baba," akasema.

"Najua. Hata mimi nilikuwa kijana."

"Ulikuwa humo?"

"Nilikuwa humo."

Hakumuuliza kosa lake. Akasema, "Basi kaa kitako nikupe kahawa. Na leo nikutizame vyema. Mama keshakufa, hatanikataza."

Baba akacheka. Kicheko kifupi, lakini alicheka. Wakakaa wawili pale dirishani wakinywa kahawa, wakitajiana majina ya mitaa na ya maduka yaliyokufa zamani. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba kama mtu aliyekosea nyumba.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Mama yule alimjua baba yangu zaidi kwa kikombe kimoja cha kahawa kuliko mimi kwa maisha yangu yote. Mpaka leo sijui kama nilichokihisi pale kilikuwa aibu au wivu.

Tulipoaga, Bi Zuhura alitusindikiza mpaka barazani akamshika baba mkono kwa mikono miwili. Tukaondoka.

Nje baba akasema, "Haya. Twende huko unakotaka."

Nikamwambia si lazima.

"Twende. Ushajua sasa."

Njiani nikamuuliza. "Kwa hiyo ile meli?"

"Hakukuwa na meli."

Akanieleza huku tunatembea polepole, na niliyaelewa yote kwa sababu yalikuwa machache. Alikuwa hamali pale Marikiti. Alikuwa anasukuma mkokoteni na mwenzake mmoja, mtu wa kwao. Siku moja wakagombana nani akae mbele na nani asukume nyuma, jambo la kipuuzi tu, jua kali na njaa. Akamsukuma. Yule akaanguka, mkokoteni umejaa magunia ukampanda mguu. Ule mguu haukupona.

"Alikuwa rafiki yako?"

"Tulikuwa tunalala chumba kimoja."

Akafungwa miaka mitatu. Alipotoka akarudi Duga, na watu wakamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo bila hata salamu. Mtu mmoja akasema kwa kukisia, huyu alikuwa melini huyu. Baba akaitikia.

"Walitaka niwe nimefika mahali," akaniambia.

Nikamuuliza kama mama alijua.

"Mama yako hakuuliza, mimi sikusema. Labda alijua."

Tukafika langoni. Pale dirisha la tiketi kulikuwa na dada mmoja mpole. Alipomwona mzee na miwani yake akasimama akamwamkia.

"Shikamoo mzee. Ushawahi kufika hapa?"

"Marahaba. Nimewahi."

"Basi karibu tena."

Baba akaitikia asante. Mimi niligeuza uso nikajifanya nasoma bango.

Wakuu, Fort Jesus kweli ni kubwa, sitaki kumdanganya mwenzetu aliyeuliza. Kuta nene, mizinga, vyombo vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno iliyozama, vigae vya Kichina, nyumba ya Waarabu wa Omani yenye maandishi ukutani. Kulikuwa na bwana mmoja anayetembeza wageni, tukajiunga na kundi lake. Alikuwa anaijua kazi yake. Mreno aliingia lini, Mwomani akamtoa vipi, watu walikufa njaa wapi wakati wa kuzingirwa.

Baba alikuwa hasikilizi. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatafuta.

Kundi lilipokwenda mbele, yeye akabaki nyuma kwenye uwanja wa katikati. Nikarudi. Alikuwa amesimama kwenye majani mafupi, mbele yake misingi ya mawe ya kale imechimbuliwa. Akatazama ukuta, akatazama kisima, akasogea kidogo kushoto.

"Palikuwa hapa," akasema.

Hapakuwa na kitu. Majani na yale mawe.

Yule mtembezaji akatuona akarudi, akidhani mzee amechoka. Baba akamuuliza, "Yale majengo ya jela yako wapi?"

"Aa, yale yalivunjwa, mzee wangu. Jela ilipohamishwa yakaondolewa ili ya kale yaonekane."

"Walipochimba hapa walipata nini?"

"Vitu vingi. Vigae, sarafu, mifupa, risasi za mizinga. Mmeviona kule ndani."

"Na vya wafungwa?"

Yule bwana akafikiri. Nampa heshima yake, hakutunga jibu.

"Sijui, mzee. Mimi sijawahi kuviona. Na wageni huwa hawaulizi."

Baba akatikisa kichwa. "Nilikuwa na mkeka mzuri," akasema.

Mtembezaji akatazama mkeka, namaanisha alitazama pale chini kama vile mkeka ungekuwepo. Kisha akanitazama mimi, akaelewa, akatuachia nafasi. Alirudi kwa kundi lake, na kwa mbali nikamsikia akiendelea na Wareno, ila sauti ilikuwa imeshuka.

Hakuna kibao pale, wakuu. Labda sasa kipo, miaka imepita, atakayekwenda atuambie. Siku ile hakikuwepo. Mtu alikaa mahali miaka mitatu ya ujana wake, amerudi na jicho jipya, hakuna hata tofali la kumwonyesha mwanawe.

Tulipanda kule juu ya ukuta kwenye matundu ya mizinga. Ngazi zipo kweli, alizipanda bila kulalamika. Kutoka pale unaona mlango wa bahari na meli zikiingia.

Hapo ndipo aliponiambia kuhusu Athmani.

Athmani alikuwa mfungwa mwenzake, mtu mzima kuliko yeye, na yeye ndiye alikuwa baharia wa kweli. Walilala ubavu kwa ubavu. Usiku taa zikizimwa Athmani alikuwa anaeleza. Bombay ni ya Athmani. Aden ni ya Athmani. Wauza chai wanaopanda kwa kamba ni wa Athmani.

"Alikwenda wapi?"

"Alimaliza kabla yangu. Alisema atakuja kunisalimia siku za wafungwa kutembelewa." Akavua miwani akaifuta kwa kanzu. "Nilimngoja. Sikumwona tena."

Nikamtazama baba yangu. Nilikuwa nimezoea kumwona kama ukuta, mtu aliyetosheka na minazi yake. Kumbe miaka yote ile, kila alipotuhadithia sisi, alikuwa anamkumbuka mtu ambaye hakuwa na pa kumtafuta.

Tulirudi Mwembe Tayari jua linashuka. Nikamtia matone yake. Akaswali, kisha tukateremka kwenye hoteli ya chini, tukaagiza wali na samaki wa kupaka. Mahali pana kelele, makondakta na wachuuzi, kila mtu na haraka yake.

Baba alikula kidogo akasogeza sahani.

"Mkeo ameondoka mwaka jana," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sikukuuliza."

"Ndiyo."

"Mimi nilipotoka humo sikutaka kuulizwa na mtu. Nikadhani watu wote ndivyo wanavyotaka." Akanywa maji. "Sasa nakuuliza. Ilikuwaje?"

Wakuu, nilikuwa na kitonge mkononi. Nilikirudisha kwenye sahani.

Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaeleza habari za kazi za zamu, habari za mtoto tuliyempoteza kabla hajazaliwa na jinsi tulivyorudi kutoka hospitali kila mmoja akashika kona yake. Hilo la mtoto sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Baba hakutoa ushauri hata mmoja. Alikuwa anasema "ehe" tu, kila nikinyamaza anasema "ehe", mpaka nikamaliza.

Kisha akaagiza chai mbili.

Alfajiri tukapanda basi letu. Tulipovuka mpaka akaniambia, "Nikishazikwa waambie nduguzo. Kabla ya hapo, hapana. Hili jina la Baharia nimelizoea."

Nikamwahidi.

Baada ya safari ile nilikwenda Korogwe kumwona aliyekuwa mke wangu. Hakurudi, alikuwa ameshapata maisha mengine, na ana haki. Lakini tulikaa nje ya nyumba ya shangazi yake tukamzungumza yule mtoto kwa mara ya kwanza, na nilipoondoka hakunisindikiza mtu na sikuona vibaya. Sikuoa tena. Baba naye akawa anakuja kambini kwangu kila baada ya muda, anakaa siku mbili tatu. Hatukuwa wasemaji sana hata hapo. Ila tulikuwa tunaulizana.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, jicho la pili nalo limeshapasuliwa, akiwa anaona vizuri macho yote mawili.

Baada ya arobaini nikawaita ndugu zangu nikawaeleza, kama alivyoagiza. Mdogo wetu alisikiliza akasema, basi mzee aliteseka, Mungu amrehemu, akatoka kwenda kuvuta sigara.

Mwanaidi alilia. Nikadhani anamlilia baba. Kumbe analia kwa sababu yangu.

"Kwa nini unamsema baba yetu vibaya na hayupo kujitetea?" akaniuliza.

Nikamwambia yeye mwenyewe aliniagiza. Nikamweleza Kibokoni, Bi Zuhura, ule uwanja wenye majani. Akatikisa kichwa.

"Baba alikuwa baharia. Wewe baki na huyo wako, mimi nabaki na wangu."

Na ndivyo tulivyobaki. Tunapendana na dada yangu, tunapeana hali, lakini hilo hatuligusi. Wajukuu wanahadithiwa Bombay mpaka leo. Sijawahi kuwasahihisha. Nikiwa nimekaa nao ninajua kwamba pale ukumbini kuna mzee mmoja ninayemjua mimi peke yangu.

Sasa nimjibu mwenzetu, nisije nikaambiwa nimekwepa swali.

Mkuu, kama mchana ni mmoja, anza na nyumba ndogo, halafu nenda Ngomeni jua likishapoa. Nyumba ndogo utapata mtu wa kuzungumza naye. Ngomeni utaona makubwa, ila usifuate kundi tu. Muulize mtembezaji jambo ambalo hajaliandaa.

Na kama unakwenda na mzee wako na akakuambia hapendi kuingia mahali fulani, usikimbilie kununa kama mimi. Muulize kwa nini. Akikujibu mambo ya ngazi, subiri kidogo, muulize tena.

Mimi nilichojifunza ni hicho tu, na nilikipata kwa bahati, kwa kuwa basi lilikuwa la kesho yake.

Nina ombi moja kwenu. Pale palikuwa jela muda mrefu, na waliopita humo hawakuwa wachache. Walitoka Mombasa, Kwale, Tanga, Unguja, wengine bara huko. Wengi wamekufa na stori zao, au na stori za watu wengine kama baba yangu.

Kama kuna mtu humu ambaye baba yake au babu yake alipita pale ndani, aandike hapa, hata mstari mmoja. Jina si lazima. Na kama kuna mtu nyumbani kwao kulikuwa na mzee aitwaye Athmani, baharia, aliyewahi kufungwa Mombasa akatoka, tafadhali sana nijulishe alizikwa wapi.

Nipo hapa, nasoma kila comment.